Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya na utafiti: jokofu lisife na mradi

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, wakuu wa taasisi za utafiti na wakurugenzi wa hospitali za rufaa za kanda,

Salaam.

Mimi ni mtumishi wa maabara hapa Mwanza. Nilianza mwaka 1996 nikiwa fundi sanifu, nikasoma huku nafanya kazi mpaka nikapata shahada ya uzamivu ya mikrobiolojia, na mwakani nastaafu. Miaka yote hiyo nimeshughulika na bakteria wa njia ya uzazi: wa kisonono, wa klamidia, wa kaswende, wa pangusa (ugonjwa wa vidonda vya sehemu za siri) ilipokuwa bado inaonekana, na wale wanaoleta uchafu ukeni ambao mtaani unaitwa fangasi, zahanati unaitwa UTI, na mara nyingi si hiki wala si kile. Nawaandikia kwa sababu ya jokofu.

Lilikuwa jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Ndani yake mlikuwa na boksi nne, kila boksi lina matundu 81, kila tundu lina kichupa kisichozidi urefu wa kidole cha mwisho, na katika kila kichupa wamelala bakteria wa kisonono waliotoka kwa mgonjwa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Tuliwakusanya kwa miaka kumi na moja. Mradi ulionunua jokofu ulipokwisha, mkataba wa fundi wa kulitunza ulikwisha nao, na fedha za dizeli ya jenereta pia. Niliandika barua tatu. Nilijibiwa kwamba jokofu lile ni mali ya mradi, halimo katika bajeti ya taasisi.

Umeme ulikatika usiku wa Ijumaa, wikiendi ya sikukuu. Jumanne asubuhi nilipovuta mlango haukutoa ule moshi wa baridi. Maji yalikuwa yametuama kwenye droo ya chini, na vibandiko vya namba vimevimba, vingine vimebanduka na kuelea. Nilikaa siku tisa nikijaribu kuwaotesha upya, kichupa baada ya kichupa. Walioota hawakujaza hata nusu ya boksi moja.

Taasisi siitaji, maana simtafuti mtu wa kuadhibiwa. Aliyenijibu alisema kweli: jokofu halikuwamo katika bajeti yake. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaopanga bajeti.

Naomba mnivumilie nieleze kilichokuwa ndani ya vichupa vile, kwa sababu nimegundua kwamba watu wengi, hata madaktari, wanadhani sampuli ikishapimwa na majibu yakitoka, kazi yake imekwisha.

Bakteria wa kisonono akiwa ndani ya mwili wa mtu ni jabari. Akitolewa nje ni mnyonge kuliko wengi ninaowafahamu. Akikaukia kwenye pamba, amekufa. Akiwekwa kwenye friji kama tunavyoweka mkojo, amekufa. Anataka damu iliyopashwa moto mpaka ikawa na rangi ya chokoleti, ikachanganywa na agari, aina ya jeli, na dawa za kuwazuia bakteria wengine wasimsonge. Thayer na Martin wa Marekani walibuni mchanganyiko wa namna hiyo mwaka 1964, na tunaotumia leo umetokana na wao. Anataka joto la mwili wa mtu, na anataka hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi kuliko hii tunayovuta. Maabara yenye uwezo ina kabati la gesi. Sisi tulikuwa na mtungi wa kioo wenye mfuniko wa kubana. Unapanga sahani za kuoteshea ndani, unawasha mshumaa mweupe usio na manukato, unauweka juu ya sahani, unafunika. Moto unapungua taratibu, unakuwa wa bluu, unazimika. Hewa iliyobaki ndiyo anayoitaka. Mishumaa hiyo nimeiwasha miaka thelathini, na mara nyingi niliinunua mwenyewe dukani njiani nikija kazini.

Kesho yake au kesho kutwa unafungua. Kama sampuli ilichukuliwa vizuri na ikafika upesi, utaona vidoa vya kijivu vinavyong'aa kama umande. Unachota kidogo, unapaka kwenye karatasi ya kipimo cha oksidesi, nayo inageuka zambarau kabla hujahesabu mpaka kumi. Hapo ndipo kazi inapoanza: dawa gani inamuua huyu, na dawa gani haimgusi.

Swali hilo halijibiwi mara moja likaisha. Miaka ya 1930 kisonono kilitibiwa kwa dawa za salfa, na haukupita muda mrefu zikashindwa. Ikaja penisilini; mwaka 1976 wakapatikana bakteria wenye kimeng'enya cha kuivunja. Tetrasaiklini ikachoka. Siprofloksasini ikachoka, ingawa mpaka leo kijana anayetoka usaha akienda duka la dawa hukabidhiwa hiyo hiyo. Iliyobaki ya kutegemewa ni sindano ya seftriaksoni, na mwaka 2009 huko Kyoto, Japani, alipatikana bakteria aliyeikataa nayo. Usugu hauonekani kwa macho ya daktari. Kila mara umeonekana kwa sababu kulikuwa na mtu mezani, sahani mkononi, na bakteria wa miaka ya nyuma wa kulinganisha nao. Wenzetu wa Uganda na Malawi wamo katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usugu wa kisonono. Sisi, katika chumba kile, tulikuwa na boksi nne.

Waheshimiwa, mji huu una jina kubwa katika kazi hii. Kati ya 1991 na 1994, katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wa shirika la afya la AMREF na wenzao wa London na Antwerp walifanya jambo lililoonekana dogo. Katika jamii sita waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyokuwapo: waliwafundisha wahudumu, wakahakikisha dawa hazikosekani, wakaenda kuwatazama mara kwa mara. Jamii sita nyingine zilisubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kule kulikoboreshwa na asilimia 1.9 kule kulikosubiri, yaani pungufu kwa karibu asilimia 40. Mimi niliingia kazini mwaka uliofuata, nikafundishwa na watu waliokuwamo. Walitembea kama watu wanaojua kwamba walichokifanya kimesomwa duniani kote.

Tiba iliyotumika ilikuwa ya kufuata dalili. Mgonjwa anaeleza, mhudumu anafuata chati, anatoa dawa za magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hiyo, hasubiri maabara. Sitaki mtu asome barua hii akadhani naidharau njia hiyo. Iliokoa watu wengi, na pale pasipo na hadubini bado inaokoa. Mwanamume akija anatoka usaha, dalili inasema kweli. Lakini kwa mwanamke dalili inadanganya pande zote mbili. Wengi wenye klamidia au kisonono hawasikii chochote, kwa hiyo hawaji. Wengi wanaokuja na uchafu hawana klamidia wala kisonono, ila wanameza dawa za magonjwa hayo, na siku ya pili mwenzi wao anataka kujua kisonono kimetoka wapi. Nimeona ndoa zikivunjika kwa chati.

Mama mmoja aliletwa kwangu na mdogo wake. Alikuwa na mfuko, akaumwaga juu ya meza yangu: vipande vya siprofloksasini, flajili, doksi, vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni, vichupa vitupu vya sindano. Kila kituo alichokwenda alipimwa mkojo akaambiwa ana UTI. "Mwanangu," aliniambia, na mimi nilikuwa sina umri wa kumwita mama, "hawa wote hawajawahi kuniangalia." Alimaanisha hivyo hivyo. Hakuna aliyempandisha kitandani akamtazama mlango wa kizazi.

Nilipaka sampuli yake kwenye slaidi, nikaitia rangi ya Gram, ile inayotuwezesha kuwaona bakteria kwa hadubini. Seli za ukeni zilikuwa zimefunikwa na bakteria wadogo kiasi kwamba kingo zake hazionekani. Laktobasila, wale wenye umbo la fimbo ambao huufanya uke uwe na asidi na kuwazuia wengine, hakuwapo hata mmoja. Haikuwa UTI wala fangasi, na hakuwa ameletewa kisonono na mtu. Ni kuvurugika kwa bakteria wa kawaida wa ukeni, kitaalamu vajinosisi ya bakteria. Watafiti Gardner na Dukes wa Marekani walieleza hali hiyo mwaka 1955, na tangu 1991 kuna utaratibu wa kuipa alama kwa slaidi moja na hadubini ya kawaida. Inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati, na mwanamke aliye nayo huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi. Kwa gharama ya slaidi moja, mama yule angejua hali yake miaka kadhaa nyuma.

Alimeza flajili siku saba, akapona. Baada ya miezi miwili alirudi. Hilo ndilo tatizo la ugonjwa ule: unarudi. Sisi benchini, yaani kwenye meza ya maabara, tulikuwa tukijiuliza kama mwenzi wa kiume ndiye anayeurudisha, tukaandika ombi la fedha tuchunguze. Mfadhili akajibu kwa heshima kwamba swali hilo halimo katika vipaumbele vyake. Ombi likaingia kwenye faili. Mwezi Machi 2025 watafiti wa Australia walichapisha jibu: mwanamke akitibiwa peke yake, ugonjwa ulirudi ndani ya wiki 12 kwa 63 kati ya 100, mwanamume naye akitibiwa kwa vidonge na krimu, ulirudi kwa 35 kati ya 100. Niliisoma makala ile mara mbili nikiwa nimesimama. Nilifurahi kweli, kisha nikamfikiria mama yule na mfuko wake.

Simlaumu mfadhili. Ana vipaumbele vyake, na fedha ni zake. Ninachouliza ni hiki: vya kwetu viko wapi, na vimetengewa shilingi ngapi?

Ndivyo maisha ya utafiti yanavyokwenda hapa. Nimefanya kazi katika miradi kumi na mmoja. Mmoja miaka mitano, mingi miaka miwili au mitatu. Mradi ukiwa na VVU ndani yake, bakteria wetu wanapata nafasi pembeni. Mradi ukiwa wa chanjo, tunasubiri. Katikati ya mradi na mradi, mimi niliyeajiriwa na serikali nabaki na mshahara na meza tupu. Vijana wa mkataba wanaondoka. Binti mmoja nilimfundisha kwa miaka sita. Alikuwa akifungua mtungi ananiambia kwa jicho tu, "Dokta, huyu siye, huyu ndiye," na kipimo kinamkubalia. Mkataba wake ulipokwisha alikwenda maabara binafsi, na leo anapima mkojo na malaria tangu asubuhi hadi jioni. Mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nilifahamu wengine waliopata barua pepe mwisho wa wiki, Jumatatu wasije. Miaka sita ya mkono na jicho haiandikwi kwenye ripoti ya kufunga mradi.

Linganisheni na wenzetu wa Nairobi. Tangu karibu mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walishirikiana kuchunguza magonjwa ya zinaa katika mitaa ya Pumwani na Majengo, na hawakuondoka baada ya miaka mitatu. Walikaa miongo. Muuguzi Elizabeth Ngugi alikaa na wanawake wa huko waliokuwa wakifanya biashara ya ngono mpaka wakamwamini. Pale ndipo lilipojulikana mengi kuhusu pangusa na jinsi vidonda vyake vinavyofungua njia kwa VVU. Bakteria wa pangusa naye ana tabia zake: anapenda nyuzi 33, ukimwotesha kwenye joto la kisonono anakataa, na akiota, kundi zima unaweza kulisukuma kwa sindano ya benchi likateleza juu ya sahani bila kuvunjika, kama kokoto juu ya kioo. Mimi nilimwona hivyo mara chache mwanzoni mwa kazi yangu, na sasa ni miaka mingi sijamwona. Pangusa imepungua kiasi cha kukaribia kutoweka katika kliniki zetu. Walioifikisha hapo walikuwa watu waliopewa muda.

Na wakati sisi tunahesabu miezi ya mkataba, klamidia haihesabu. Inapanda kimya kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, inaacha kovu, mirija inaziba. Miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilichunguza watu waliokosa watoto katika mabara mbalimbali, na wanawake wa Afrika ndio waliokutwa na mirija iliyoziba kwa maambukizi kuliko wengine. Wapo waliopata mimba nje ya mji wa mimba wakafikishwa theatre wakiwa wamebakiza damu kidogo. Wapo wasiopata kabisa, na ninyi mnajua nyumba zetu: anayeitwa mgumba ni mwanamke, anayerudishwa kwao ni yeye, hata kama aliyemwambukiza ni mume wake. Mwaka 2020 Shirika hilo lilikadiria maambukizi mapya ya klamidia milioni 129 duniani, na ya kisonono milioni 82.

Tuna vifaa kuliko tunavyodhani. Mashine za GeneXpert tulizozisambaza kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kupima klamidia na kisonono; kinachobadilika ni katriji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unahimiza mwenye dalili apimwe kwa kipimo cha namna hiyo kinapopatikana, kisha atibiwe anachoumwa. Anzeni na kliniki za wajawazito za hospitali za kanda. Lakini nawaonya kuhusu jambo moja, kwa sababu nimesikia likisemwa vikaoni: mashine haiwezi kuchukua nafasi ya benchi. Itakuambia kisonono kipo. Haitakuambia seftriaksoni inamuua huyu au haimuui. Kwa hilo lazima umwoteshe, umtunze, na mwaka ujao umlinganishe.

Nchi zetu ziliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti itakwenda afya, na Umoja wa Afrika ukaweka lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sijaandika kudai hayo. Bajeti za wizara zitajadiliwa Dodoma kati ya Aprili na Juni, na ninachoomba kinatosha kwenye mstari mmoja. Kila hospitali ya rufaa ya kanda iwe na benchi moja la kuotesha bakteria wa njia ya uzazi, lenye vitendanishi mwaka mzima, jokofu lenye umeme wa akiba, na watu wawili wa ajira ya kudumu. Wawili, ili mmoja akiugua au akistaafu sahani zisitupwe.

La pili halina gharama hata kidogo. Msitoe kibali cha utafiti mpaka ombi liseme nani atalipia jokofu siku mradi utakapofungwa, na aweke saini. Tunamuuliza mtafiti mambo mengi kabla hajachukua tone la kwanza la damu ya mtu, na ni haki tumuulize. Hilo hatumuulizi. Mwanamke aliyekubali kupanda kile kitanda na kutoa sampuli aliambiwa kwamba itasaidia wengine. Nimewaambia hivyo wanawake wengi kwa mdomo wangu, wakaniamini, na baadhi ya walichonipa nilikimwaga kwenye ndoo ya dawa mwisho wa zile siku tisa.

Wachache kati ya bakteria wetu wako hai. Kabla ya mradi kufungwa tulikuwa tumepeleka nakala za boksi la kwanza kwenye maabara ya wenzetu Ulaya, na wao wamezitunza vizuri. Nikitaka kuwaona bakteria waliotoka kwa watu wa Ziwa, naandika barua ya kuomba. Wamesema watatupatia nakala, bila malipo, mara tutakapokuwa na jokofu lenye umeme wa uhakika na mtu wa kulitazama baada yangu. Katika barua yao ya mwisho wameuliza tarehe. Sijawajibu bado. Naomba mniambie niwaandikie tarehe gani.

Wenu katika utumishi,
Mtafiti wa mikrobiolojia, Mwanza